Mtaa wa Morton, Namba 14

Jumatatu, 5 Mei 2025
Makala imetoka: mitaa saba ya Johannesburg yenye majina ya wanabiolojia wa zamani. Nimeanza na mtaa wa Morton, hapa Turffontein – yule Mmarekani aliyekusanya mafuvu ya watu na kuyapima ili aseme nani bora kuliko nani. Imesomwa kupita kazi zangu zote za mwaka huu.

Jumanne, 6 Mei
Bakiri, mwenyekiti wa wakazi, amenisimamisha kwenye robot, pale taa za barabarani, akanishukuru mbele za watu. Sahihi 140 tayari, jina lifutwe. Mkutano na kura Jumamosi, diwani atakuwepo.
Akina Morton ni wengi. Nililiona jina kwenye ramani, nikalikuta kitabuni, nikaunganisha. Miaka ishirini na sita nawaambia wengine: vyanzo viwili. Hapa sikuwa hata na kimoja.

Alhamisi, 8 Mei
Chumba cha ramani cha manispaa, saa tatu hadi saa nane. Daftari la mitaa la 1908: mtaa umepewa jina la J. Morton, fundi wa kupigilia farasi viatu, aliyeuza kiwanja. Barua ya mpimaji inasema vilevile. Nimepiga picha zote mbili.
Mansour, mhariri wangu, anataka tusubiri kura ipite, ndipo tusahihishe. Nani atamlilia fundi wa farasi, ameniuliza.

Ijumaa, 9 Mei
Léocadie atalia. Anashona na kulala Morton 14. Nilifuata sketi yangu, akafunga mlango kwanza. Kibali chake cha ukimbizi kinaisha tarehe 30. Alipohama kutoka Berea, anwani ya kibali na ya nyumba hazikulingana. Alikaa miezi minne bila karatasi, polisi wakamshika mara mbili.
"Dada Mayasa, hapa batu banasema tu 'kwa Mama Léo'. Morton iko kwa karatasi yangu tu. Bakiitoa, mie nitasema ninakaa wapi?"
Anajua niliandika. Hajui nilikosea. Sikumwambia. Sketi nimeiacha kwake.

Jumamosi, 10 Mei
Ukumbi wa kanisa, saa nane na robo. Naandika gotini. Picha zimo kwenye bahasha.
Bakiri amesoma makala yangu yote, neno kwa neno. Makofi. Diwani anaandika. Akitoka hapa na kura, jina linakwenda manispaa Jumatatu.
Léocadie amesimama. Ameomba wangoje mpaka apate kibali kipya.
Sauti ya nyuma: "Mama Léo, kwani mpima mafuvu ni shemeji yako?"
Kicheko. Hajaketi. Hanitazami.
Bakiri amenyoosha mkono upande wangu: mwandishi mwenyewe yuko hapa, atamjibu mama. Mstari mzima umevuta miguu nipite. Jirani yangu, simjui hata jina, ananisukuma begani taratibu.
"Mweleze, Dada. Si wewe ndiye unayejua?"