Mashine Aliyoikataa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: moto uliotokea kwenye karakana ya ushonaji, chini ya mgahawa wa kahawa
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazini na mtaani huitwa Redio
Umri: miaka 43
Kazi: muuzaji na mfungaji wa mashine za jikoni
Makazi: vyumba vya nyuma ya soko la mbao
Yameandikwa kituoni, Alhamisi tarehe 12, asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu wala sikutumwa na mtu. Afande amenitaka niseme kwa ufupi. Nimemwambia nitajitahidi, ila jina la Redio sikupewa bure.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya hoteli na migahawa. Mwanamke mliyemweka mahabusu tangu jana namfahamu. Si ndugu yangu, si jirani yangu, ni mteja. Ana mgahawa wa kahawa ghorofani, juu ya karakana ya mafundi cherehani, mkabala na zahanati ya meno. Mimi humwita Mama Ngoja-Kwanza. Anajua, na hucheka nikimwita hivyo.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, asubuhi, alikuja dukani kwetu kutafuta mashine ya kahawa. Alikuwa anachemshia kwenye birika na wateja wameanza kumshinda. Nilipomwona nikajua leo nimepata. Nikampeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya vichwa vitatu, yaani inayotoa kahawa sehemu tatu kwa mpigo, ile tunayoiweka dirishani ili wapita njia wajione sura zao. Nikaanza mahubiri yangu. Nikamwambia, "Dada, ukiiweka hii, wateja watapanga foleni mpaka barabarani."

Akasema, "Ngoja kwanza, kaka. Wakifika mpaka barabarani watakaa wapi? Mimi nina viti kumi na viwili."

Nikanyamaza. Afande, kuninyamazisha mimi si kazi ndogo, hata mke wangu bado anajaribu.

Akaanza kuuliza yeye. Ikiharibika nani anaitengeneza, na huyo mtengenezaji anapatikana au ni mpaka umbembeleze? Mipira ya ndani ikichakaa ipo hapa au mpaka iagizwe? Maji yakikatika, mashine itakunywa nini? Nikamwambia ile kubwa inaunganishwa na bomba. Akasema bomba la kwao lina siku zake, kwa hiyo anataka mashine yenye tangi lake. Akatoa kwenye mkoba kahawa yake mwenyewe na chupa ya maji ya kwake, akaniambia nimtengenezee kikombe kwenye mashine mojawapo ya zile ndogo. Akaonja, akasema tamu. Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Sasa endelea, usipumzike, mpaka nikuambie basi."

Nikatengeneza kimoja baada ya kingine mpaka meza ikajaa. Wafanyakazi wenzangu wakanywa wakachoka. Yeye akaonja kile cha mwisho, akakirudisha mezani, kilikuwa vuguvugu na kichachu. Akasema, "Kikombe cha kwanza kila mashine inajipendekeza. Mteja wangu wa mwisho naye amelipa kama wa kwanza." Mashine hiyo tukaiweka pembeni.

Bosi wangu akatoka ofisini kuja kuokoa jahazi. Akamwambia biashara ni kuonekana, mtu mwenye mashine ndogo huonekana mdogo. Mama akamjibu kwa heshima kabisa, "Ni kweli, bosi, lakini mtu hujikuna ajipatapo." Kisha akauliza swali ambalo tangu nianze kazi hii sijaulizwa na mteja yeyote. Aliuliza, "Nikiwasha hii juu, mafundi wangu wa chini watashona?"

Hapo ndipo alipotueleza kwamba jengo lao lote linatumia njia moja ya umeme. Juu ni yeye, chini ni mafundi na cherehani zao za umeme na pasi zao. Nikamwambia mambo ya chini ni ya walio chini. Akaniangalia, akasema, "Kaka, wao ndio walionibebea viti siku ya kuhamia. Sinunui mbuzi kwenye gunia, halafu gunia lenyewe nimwekee mwenzangu kichwani."

Akaomba tukajaribie kwake. Bosi akakataa, kwamba mashine haziendi matembezi. Nikasema nitazibeba mimi na zikikwaruzwa nitajibu mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani niliupata kwake.

Tarehe 3, mchana, nilifika na mashine mbili, ya vichwa viwili na ya kichwa kimoja. Kabla hata sijazipandisha ngazi, mama alikuwa ameshuka kwa fundi mkuu wa cherehani, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimsikia akimwambia, "Baba, nina jambo, na wewe ndiye wa kulikubali au kulikataa." Akamwomba washone wote kwa pamoja na wapige pasi, kama siku yenye kazi nyingi.

Nikachomeka ya vichwa viwili. Taa zikafifia, cherehani zikaanza kukoroma, na kutoka chini fundi akapiga kelele, "Jamani, mnatuua huku!" Nikachomoa mbio. Nikachomeka ya kichwa kimoja, yenye tangi. Taa zikatikisika kidogo zikatulia. Fundi akasema cherehani ziko sawa, ila pasi imepungua moto. Mimi ningesema hapo tumefika, andika risiti. Mama akasema, "Ngoja kwanza."

Wakakaa ngazini yeye na fundi, kama mtu na baba yake, wakapatana. Mama akitaka kupasha mashine atagonga reli ya ngazi kwa kijiko. Fundi akishamaliza kupiga pasi na kuichomoa, atamjibu kwa kugonga na mkasi. Asipojibiwa, hawashi. Nikauliza, "Na wateja wakinuna?" Akasema, "Watanuna, nitawachekesha. Lakini nguo ya mtu ikiharibika kwa ajili ya kahawa yangu, huyu baba atamwambia nini mwenye nguo?"

Naomba niseme wazi. Nimewauzia mashine watu wengi sana. Wengi huchagua kwa macho. Wengine huchagua kwa wivu, wanataka ya kwao iwe kubwa kuliko ya jirani. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona anachagua mashine huku amemweka jirani mbele. Nilimpenda pale pale. Afande ameniuliza nampenda kwa maana gani. Nimesema kwa maana ya kumvulia kofia, na naomba iandikwe hivyo, mke wangu anajua kusoma.

Mashine ya kichwa kimoja niliifunga tarehe 5. Tangu hapo nimekwenda kunywa kahawa pale mara kadhaa, na kwa masikio yangu nimesikia kijiko kikigonga na mkasi ukijibu. Hata wateja wameshazoea, mkasi ukijibu wanashangilia. Watu wamejaa mpaka ngazini. Mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye jengo, alikuwa anakaa uani anawaangalia wanavyopanda na kushuka, na sura yake haikuwa ya mtu anayefurahia mpangaji wake kufanikiwa.

Jana, Jumatano tarehe 11, saa nane na nusu mchana, bosi alinituma nipeleke ile mashine kubwa ya vichwa vitatu kwenye jengo hilo hilo. Nikashtuka, nikadhani Mama Ngoja-Kwanza amebadili mawazo. Kumbe mteja ni mwenye nyumba. Anataka kufungua mgahawa wake kwenye chumba cha nyuma, chini, ukuta mmoja na karakana ya mafundi. Aliniambia mwenyewe, "Kama yule na kidude chake anajaza watu, mimi na hii itakuwaje?"

Mimi na dereva tuliipandisha mezani. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba mashine hii inataka waya wake mnene kutoka kwenye mita, asiichomeke mpaka fundi umeme aje. Akaniuliza, "Wewe ni mchukuzi au mhandisi?" Nikamwambia mama wa juu alijaribu iliyo ndogo kuliko hii na jengo zima likayumba. Hapo ndipo nilipoharibu. Akasema, "Usinitajie huyo mwanamke kwenye nyumba yangu." Akachukua plagi kwa mkono wake akaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Taa nyekundu ya mashine ikawaka. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili. Nikasema, "Mzee, chomoa." Akacheka, akaniambia nifunge mlango nikitoka. Dereva alikuwa anapiga honi, tuna mzigo mwingine, nikatoka.

Hatujakata kona tukasikia mayowe. Nikaruka kutoka kwenye pikapu nikarudi mbio, dereva akageuza gari nyuma yangu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ule ukuta wa kati ya chumba cha nyuma na karakana, na vitambaa vya mafundi vimeshika moto. Watu walikuwa wanakuja na ndoo. Mama alishuka ngazi, hakuuliza kimewaka nini wala nani kawasha. Alikwenda kwenye swichi kubwa akakata umeme wa jengo zima, ndipo akapaza sauti, "Haya, sasa mwageni!" Bila yeye tungekuwa tunazungumzia maiti hapa, na ninasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Fundi mkuu alikuwa ameungua mkono akiokoa nguo za watu. Nikampakia kwenye pikapu nikampeleka hospitali, nikakaa naye mpaka alipofungwa bendeji, nikamfikisha kwake. Kwa hiyo nyinyi mlipofika pale, mimi sikuwepo. Sikujua mmemchukua mtu.

Leo asubuhi nilipita kwa fundi kumjulia hali. Nikamkuta amekaa kitandani, machozi yanamtoka, nikadhani ni mkono. Akaniambia si mkono. Akasema mafundi wenzake walimsimulia kwamba mwenye nyumba aliwaambia askari moto umetokana na mashine ya juu. Mama alikuwa amewasha, ni kweli. Aligonga, na fundi alimjibu. Askari walipomuuliza mama, hakubisha. Alisema, "Kama ni mashine yangu, mimi ndiye niliyeichagua. Nichukueni." Fundi akaniambia, "Mwanangu, yule binti hajui kujitetea, anajua kuuliza tu, na safari hii amejiuliza mwenyewe akajihukumu."

Hapo roho iliniuma, afande. Maana yeye hajui kwamba kulikuwa na mashine nyingine. Ile kubwa iliingilia mlango wa nyuma, yeye yuko juu na wateja. Hakuna aliyemwambia.

Nikaenda dukani kumweleza bosi kwamba nakwenda kituoni. Kabla sijamwona, nikapitia stoo kuvaa koti la kazi. Nikaiona ile mashine ya vichwa vitatu imefunikwa turubai, bila shaka imerudishwa usiku. Nikafunua. Plagi imekuwa nyeusi, waya umeyeyuka mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Bosi akanikuta nimeishika. Akasema, "Hiyo haijawahi kutoka hapa. Na wewe jana ulikuwa dukani unafuta vumbi. Tumeelewana?"

Nikasema, "Sawa, bosi." Sikusema uongo. Nilisema sawa ili asipate haraka ya kuihamisha kabla sijafika hapa. Lakini nilipokuwa natoka nilimsikia akimwita dereva alete pikapu mlango wa stoo. Kwa hiyo naomba, afande, haya mengine tuyaandike tukirudi, twende sasa hivi.

Afande amesema ameshatuma askari amwite dereva wa gari la kituo, na kwamba wakati tunasubiri nimalizie.

Basi, neno la mwisho. Kazi yangu najua imekwisha, bosi wangu si mtu wa kusamehe, na nyumbani nitakwenda kuulizwa maswali. Nitajua mbele ya safari. Siombi nionane na mama, maana nikimwona sitaweza kusema, na Redio ikizimika mbele za watu ni aibu. Naomba mmwambie nyinyi. Amekaa humo ndani usiku mzima akiamini kwamba amewaunguzia wale watu kazi zao. Mwambieni alichagua sawasawa.

Nimesomewa haya yote nikasikiliza mpaka mwisho. Ni yangu, nimeyasema kwa hiari, na nikiitwa mbele ya hakimu nitayasema tena, marefu zaidi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mwandishi: Tulifika kwenye stoo ya duka pamoja na shahidi. Mashine ya vichwa vitatu tuliikuta tayari imepakiwa kwenye pikapu, injini inaunguruma. Plagi na waya wake vimeungua kama alivyoeleza. Imechukuliwa kama kielelezo. Mwenye duka na mwenye nyumba wameletwa kituoni kuhojiwa. Fundi umeme amekagua mashine ya ghorofani na waya wake, havina kasoro, na amethibitisha moto ulianzia kwenye soketi ya chumba cha nyuma.

Mwanamke aliyekuwa mahabusu ameachiwa leo alasiri. Nilimfikishia maneno ya shahidi kama yalivyo. Akaniomba nimwambie tena.