Neno la Ujiji Limeingia Kwenye Video

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani na mguu wako umepata nafuu, na Mama naye awe karibu nawe. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imezidi, upepo unavuma mchana kutwa, lakini Shangazi amenitafutia sweta la mitumba zito kama blanketi, la kijani. Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wa historia amesema nikikaza nitaweza kufika mbali.

Baba, anayekukabidhi barua hii ni mjomba wa rafiki yangu Veronika, yule msichana wa Kaengesa niliyekuambia kwamba tunakaa dawati moja. Hapa mjini wanamwita Spika, kwa sababu ya kipaza sauti chake. Tafadhali mpe maji na umwambie akae. Usimjibu lolote mpaka umalize kusoma, kwa maana nimekukosea, na yeye amebeba kosa langu.

Siku hizi huku kila mwenye mtaji kidogo anafungua biashara. Spika amefungua kibanda cha video nyuma ya soko. Ameweka mabenchi, televisheni moja na jenereta la umeme ukikatika. Filamu zinakuja na lugha za mbali, naye anasimama kando na kipaza sauti akitueleza wanasema nini. Veronika ananiambia mjomba wake hajui hata neno moja la lugha hizo. Anatunga tu. Lakini watu wanamwamini, na wanacheka sana.

Jumamosi moja mchana Shangazi alituruhusu kwenda, mimi na Veronika. Filamu ilimhusu kijana aliyeacha mifugo ya baba yake akaenda kumtafuta Mungu. Alipita jangwani, viatu vikaisha, akafika kwenye nyumba ya wazee waliovaa sufu. Usiku wazee wale wakasimama duara wakaanza zikiri. Baba, ilikuwa kama barazani kwetu siku ya Alhamisi! Mabega yanakwenda pamoja, pumzi inapanda na kushuka pamoja. Machozi yalinitoka. Spika naye akatangaza, "Mnawaona wazee hawa? Pombe ya ulezi imewakolea! Mshikeni huyo wa kushoto, anaanguka!"

Watu wote wakacheka. Nikasimama. Sijui nguvu niliipata wapi.

"Hawajalewa," nikasema. "Wanamtaja Mungu. Hata kwetu Kabwe wanafanya hivyo."

"Oyaa, kumbe tuna ustadhati humu!" akasema kijana mmoja. "Dada, kaa chini, unatuzibia."

Nikakaa. Lakini filamu ilipokwisha, Spika akaniita mlangoni, akaninunulia chai na andazi. Hakunidhihaki. Akasema, "Binti, mimi ni Mkatoliki, mambo haya siyajui. Nieleze ili nisiwaharibie watu." Nikamweleza habari za tarika, za duara, za dufu. Nilifurahi kuulizwa, Baba. Hapa shuleni hakuna anayeniuliza mambo ya kwetu, isipokuwa bei ya dagaa.

Kisha akaniuliza kuhusu mahali pale ambapo kijana anafungiwa chumba cha giza, na mwishowe nuru kubwa inapasua ukuta. "Ni kweli huwa wanaona hivyo?"

Hapo ndipo nilipokosa. Nikasema, "Baba yangu alikaa chumba kama hicho Ujiji. Hakuona kitu."

Nikamwambia yote, Baba. Yale uliyoniambia siku unanileta shule, gari lilipoharibika karibu na Namanyere tukakaa chini ya turubai tukingoja. Nilikuwa nimekuambia kwamba nikiswali sioni chochote moyoni, nikalia. Nawe ukaniambia kwamba wenzako walitoka khalwani Ujiji, kwenye chumba hicho cha giza, wakisimulia nuru, na wewe ulichosikia ni mtu anatwanga nje tu, ukawa unawaza mama yako huko nyumbani anatwanga na nani. Ukamwambia shehe wako kweli, naye akakujibu, "Rudi kwa mama yako, kazi yako iko huko." Ukaniomba nisiseme kwa mtu, kwa kuwa wanaokuja kwako Alhamisi wanaamini kwamba wewe, khalifa wao, uliona nuru. Nami nililitoa neno hilo kwa andazi moja, na kwa sababu mtu mzima alinisikiliza.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Chumba cha giza kilipofika, Spika akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu kaona nuru. Lakini kuna shehe mmoja kule Kabwe, alifungiwa hivi hivi, akasikia watu wanatwanga tu!" Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamfuata nje. "Mjomba, kwa nini umesema?"

"Sikutaja jina."

"Kabwe hakuna khalifa mwingine!"

Kisha akaniambia kwamba anakuja Kabwe na jenereta, Alhamisi ya mbalamwezi hii, wavuvi wakiwa nchi kavu kwa kuwa dagaa hawavuliwi, na filamu ndiyo hiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwamba Alhamisi watu hujaa kwetu. Nikamwomba maneno yale asiyaseme huko, na Alhamisi aiache. Alikataa. Nikalia. Veronika naye akamwambia, "Mjomba, unamvua mzee wa watu nguo mbele ya watu wake." Ndipo akasema, "Basi andika barua, nitaipeleka mwenyewe. Mzee akisema nisiseme, sisemi. Akisema Alhamisi ni yake, nitawasha Ijumaa. Neno lake ndilo la mwisho."

Kwa hiyo neno ni lako, Baba. Ukimwambia anyamaze, atanyamaza. Ana maneno mengi, lakini Veronika anasema hajawahi kuvunja ahadi.

Lipo jambo moja ambalo sina budi kukuambia, wala si kwa kujitetea. Siku ile watu walipocheka, mama mmoja anayeuza karanga mlangoni hakucheka. Nilipotoka nalia alinishika mkono. Akaniuliza, "Huyo shehe ni nani wako?" Nikamwambia ni baba yangu. Akasema, "Msalimie. Mwambie mimi nimekwenda kanisani tangu utoto, nikipiga magoti nawaza watoto wangu wamekula nini. Nilidhani ni mimi peke yangu." Akanimiminia karanga kwenye kiganja, akakataa pesa.

Sikuambii useme mbele ya watu wako, Baba. Siri ni yako, nami sikustahili kuigusa. Nimekufikishia salamu zake tu, kwa kuwa alinituma.

Ukiona nirudi nyumbani, nitarudi. Ukiona niendelee na shule, nitaendelea, na mdomo wangu nitaufunga.

Nisalimie Mama, mwambie sweta lanitosha. Nisalimie Bibi, na umwombe radhi kwa ajili yangu, maana kinu chake ndicho kilichochekwa. Salamu kwa kaka yangu aliyeko kwenye mitumbwi, kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na kwa babu mpiga dufu. Shangazi anakusalimu sana, nami nimeshamweleza yote. Amekasirika, lakini chakula amenipa.

Ni mimi binti yako, ninayeswali bado, ingawa bado sijaona kitu,

Zainabu