Makunyanzi ya Guku

Jumanne, 1 Oktoba 1996

Nimemfuta Guku uso kabla sijafungua cherehani. Mkunjo wa juu ya pua umechubuka tena. Unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Anajisugua ukutani mpaka chokaa imebanduka, damu ndiyo iliyobaki.

Guku ni babu kwa Kisukuma. Watoto wa jirani walimpa jina hilo siku mume wangu Masanja alipomleta, kwa sababu ya uso. Alikuwa mbwa wa mnunuzi wa pamba, yule mgeni aliyemwajiri Masanja kuendesha lori baada ya jineri, kiwanda cha pamba cha ushirika, kusimama. Mwezi uliopita mgeni alifunga ghala, akaondoka. Mbwa akabaki getini. Masanja akamchukua. Sikumtaka. Mbwa wa kwetu analala nje na kujitafutia. Huyu anakoroma kama mtu, na makunyanzi yake yanashika kila anachokula.

Masanja naye anajikuna. Mikono, miguu, mgongo. Vipele vidogo, vikikauka vinaacha madoa meusi. Anasema ni mbu. Suruali zake nimezipunguza kiuno tangu Pasaka, na sasa zinalegea tena.

Hakuna aliyeleta kitambaa leo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mama Suzana, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja kuchukua sketi za shule za binti yake. Hakuingia barazani. Alisimama juani akasema nimrushie.

Nikamuuliza kuna nini.

"Mama Kabula, usinielewe vibaya. Huyo mbwa wenu ana upele. Watu wanaona baba Kabula anavyojikuna. Wanasema kampa."

Kumbe ndiyo maana. Nilidhani ni mitumba tu. Tangu marobota yaanze kufunguliwa hapa sokoni Bariadi hakuna anayeshona gauni, lakini sare za shule nilikuwa bado nazipata. Sasa hata hizo.

Nilimchukia mbwa leo. Nilimwangalia akijikuna nikamwambia afe.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimetoka kanisani nikamkuta Ng'wandu, kaka yake Masanja, amekuja na baiskeli kutoka Kasoli. Ndiye aliyemlea Masanja baba yao alipofariki. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kutenda kabla ya kuuliza. Alikuwa amebeba kopo la oili chafu ya trekta.

Alimfunga Guku kwenye mti wa mwarobaini akampaka uso mzima, ndani ya mikunjo, karibu na macho. Kwa ng'ombe wenye upele ndivyo wafanyavyo tangu josho likauke. Mbwa alilia kama mtoto. Nilitaka kumzuia. Sikumzuia.

Masanja alitoka ndani, akaona, akakaa chini palepale mlangoni. Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Kaka yake alifuta mikono kwa majani akasema, "Akipona yeye, utapona na wewe. Asipopona namwondoa."

Nilipata faraja kusikia hivyo. Naandika ukweli. Nilipata faraja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Uso wa Guku umevimba. Jicho moja halifunguki. Hali chakula. Anagonga kichwa kwenye mguu wa cherehani.

Nilikwenda kwa bwana mifugo, yule aliyekuwa wa serikali na sasa ana duka lake la dawa karibu na stendi. Nilimfunga Guku kwa kamba nikapita naye katikati ya mji, watu wakitupisha njia. Mzee mmoja hakunijibu salamu.

Bwana mifugo alimlaza mezani, akaifungua mikunjo mmoja mmoja kwa vidole vyake bila glavu. Alitafuta kupe, akatafuta utitiri. Akatikisa kichwa.

"Hana upele huyu. Kaumbwa vibaya tu. Ngozi inalaliana, mate na machozi yanaingia humo, hapakauki. Ni kama mtoto mnene shingoni. Na hii oili imemuunguza."

Akanieleza. Oili itolewe leo kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, isuuzwe vizuri, isiingie machoni. Baada ya hapo sabuni basi. Maji yachemshwe na chumvi kidogo, yapoe. Kitambaa laini cha pamba. Kufuta ndani ya kila mkunjo asubuhi na jioni, na kila akishakula. Halafu kukausha kwa kitambaa kingine, na kukausha ndiyo dawa yenyewe. Asipakwe mafuta. Kucha zikatwe. Akanipa dawa ya jicho.

Nikauliza kama mtu anaweza kuambukizwa.

Akaniuliza: "Nani anajikuna nyumbani?"

"Baba Kabula."

"Mayu, shida ya huyu haiendi kwa mtu. Mumeo mpeleke hospitali."

Aliniita mama kwa sauti ya chini. Hakuniangalia. Nilijua alichokuwa anafikiri. Njia nzima nilikataa kukifikiria.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimechana shuka la zamani, nikakunja pindo ili nyuzi zisimchome. Ndoo mbovu nimeikata kitako nikamvisha shingoni asijikune kwa kucha. Watoto wanacheka barabarani. Anagonga milango yote.

Masanja anamshika kichwa, mimi natanua mkunjo kwa kidole gumba na kufuta. Chini ya pua kuna wekundu kama nyama. Mara ya kwanza alinguruma. Jioni aliacha. Jioni hii alifumba macho akaegemea kifua cha Masanja akakoroma.

Mikono yetu iligusana juu ya uso wa mbwa. Masanja aliondoa wake. Tangu mwezi wa saba analala kwenye mkeka sebuleni. Anasema joto. Nilishaamini ana mwanamke.

Jumamosi, 12 Oktoba

Uvimbe umeshuka. Jicho liko wazi. Harufu imepungua. Anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyomchemshia na vichwa vya dagaa, nikishampa namfuta palepale. Ngozi ya kwenye mikunjo inaanza kuwa kavu, ya kijivu.

Masanja amejikuna mgongo kwenye fremu ya mlango mpaka shati likashika damu. Nimelifua.

Mtoto wetu Kabula yuko kwa mama yangu kule Shishiyu mpaka shule zifungwe. Nashukuru hayuko hapa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilikwenda sokoni kutafuta uzi. Niliporudi ndoo ilikuwa imevuliwa, imetupwa nyuma ya choo. Guku alikuwa ameparua uso wote. Uji wa Masanja ulikuwa umemwagwa kwenye sahani ya mbwa, umeganda ndani ya mikunjo, nzi wamejaa.

Masanja alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo. Anaangalia.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mbwa alikuwa anateseka na ndoo. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini anachosema.

Nilimfuta upya. Damu, chumvi, damu. Katikati ya kumfuta ndipo nikaelewa. Masanja hataki apone. Mbwa akipona, na yeye akaendelea kujikuna, hatutakuwa na mtu wa kumlaumu.

Na mimi je? Kwa nini sijamwambia maneno ya bwana mifugo mpaka leo?

Jumatano, 16 Oktoba

Ng'wandu amekuja na vijana wawili na kamba. Mama Suzana alikuwa amempelekea habari kwamba mbwa bado yupo na kwamba watu wa mtaa wamechoka. Majirani walisimama barabarani. Wengine ni watu niliowashonea nguo za harusi.

Nilimwambia shemeji mbwa si mgonjwa wa kuambukiza, bwana mifugo amesema. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. "Shemeji, nitamsikiliza bwana mifugo au nitamwangalia mdogo wangu anavyokwisha?"

Kijana mmoja alishamtia Guku kamba shingoni. Guku alikuwa anatingisha kile kipande chake cha mkia. Alidhani anapelekwa kutembea.

Masanja akatoka. Amevaa kaptura tu, bila shati. Miezi yote hii amejifunika kwa shati la mikono mirefu kwenye jua la Bariadi, leo akatoka hivyo, kila mtu akaona mbavu na madoa.

"Kaka, mwache. Sio mbwa."

Ng'wandu akamwambia aingie ndani.

"Sio mbwa. Nilipimwa Mwanza mwezi wa saba. Nina ukimwi."

Hakupaza sauti. Hakukuwa na haja. Kijana aliachia kamba. Mama Suzana alijifunika mdomo kwa khanga akaenda zake, wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga. Ng'wandu alikaa chini kwenye vumbi na nguo zake nzuri, mtu mzima vile. Alishika miguu ya mdogo wake.

Mimi nilikwenda kukoka moto. Sijui kwa nini moto. Hakukuwa na kitu cha kupika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Alijua.

Mwezi wa saba. Ile safari aliyosema lori limeharibika Mwanza. Alirudi na kilo ya sukari na kitenge, nikafurahi kama mjinga.

Nimepika uji. Nimeuacha mlangoni pake. Guku sikumfuta. Sikumfuta mtu yeyote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amemfuta mwenyewe. Nilimsikia nikiwa ndani, anaongea na mbwa kwa Kisukuma, taratibu, vile alivyokuwa anaongea na Kabula alipokuwa mchanga. Baadaye alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Nilihamia sebuleni kwa ajili yako," akasema.

"Na kabla ya mwezi wa saba?"

Akasema aliogopa nikijua nitaondoka. Nikamwambia ningeondoka kweli. Nikamwambia bado naweza kuondoka, kwetu Shishiyu si mbali. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali mzigo alioupima mwenyewe.

Nilisema mengine mabaya. Sitayaandika. Alisimama akayasikiliza yote, akijikuna mkono, na sikuweza kuvumilia ile sauti ya kucha kwenye ngozi. Nikaushika mkono wake ili aache. Ulikuwa mwepesi kama ufito.

Hatukupatana. Niliushika tu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda hospitali ya wilaya, peke yangu. Nesi alinitoa damu bila kunisemesha. Majibu wiki ijayo, damu inapelekwa Mwanza. Nilimweleza kuhusu muwasho wa Masanja. Akanipa chupa ya dawa ya maji, ya rangi ya waridi, akasema haiponyi ila inapoza. Akasema pia nguo zake zipigwe pasi, aoge maji yasiyo ya moto sana, kucha ziwe fupi.

Ng'wandu alipita, ameleta unga wa mtama na jogoo. Aliingia ndani, akakaa karibu na mdogo wake, wakala sahani moja. Nilimheshimu kwa hilo. Kabla ya kuondoka alimwangalia Guku uso, akamgusa mkunjo wa juu ya pua kwa kidole kimoja. "Pamekauka," akasema. Ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Sijui alikuwa anamwomba nani.

Mama Suzana amerudisha sketi. Anasema hazimtoshi binti yake. Zinamtosha.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna kazi. Nimefunika cherehani.

Guku mzima kabisa usoni. Manyoya yanaanza kurudi pembeni mwa mdomo. Naendelea kumfuta kwa sababu bwana mifugo alisema nikiacha itarudi, maisha yake yote itakuwa hivyo. Si ugonjwa unaoisha. Ni ngozi yake.

Masanja ameanza kukohoa.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mawingu tangu asubuhi. Upande wa Kasoli ilishanyesha, harufu ya udongo ilifika mpaka uani.

Masanja alitoka na kigoda akakaa, akanipa mgongo. Alivua shati akaliweka magotini.

Nilichukua ile chupa. Nilianza mabegani. Alishtuka kidogo, akasema inapoza. Nikasema ndiyo. Nilipaka polepole mpaka kiunoni, mfupa baada ya mfupa, nikasubiri ikauke, inakauka nyeupe kama unga. Nikapaka na mikono. Alikuwa anapumua kwa nguvu, halafu taratibu, halafu nikaona kichwa kimeinama. Amelala akiwa amekaa.

Sikumwamsha. Nilisimama nyuma yake nikimshikilia bega asianguke, mpaka matone ya kwanza yalipoanza kupiga bati.