Maswali ya Mama Wakati wa Kuanika Dagaa

Mtwara, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na unafika ufukweni Katonga bila kuhangaika. Mimi ni mzima, ila moyo hauna raha. Zawadi akusomee yote, asiruke.

Mdogo wangu huyo aliponipigia kusema hataki kurudia mtihani wa kidato cha nne kwa kuwa kichwa chake hakishiki kitu, nilifungua shajara yangu ya mwaka jana. Nilikuta nimeandika: "Nimemkataza mama kumsumbua Zawadi."

Unakumbuka. Mlikuwa mkianika dagaa, naye anakueleza kwa Kiha alichofundishwa siku hiyo. Wewe unamkatiza: "Ngoja. Hiyo damu ikishafika miguuni inapandaje tena?" Akikwama unacheka: "Basi mwalimu kakudanganya!" Anakimbilia daftari, anarudi na jibu. Mimi nikaja likizo nikasema mbele ya wenzako, "Mama, wewe hukusoma, unampotezea muda. Mtihani ni wa Kiingereza." Nikamweka ndani akariri muhtasari nilioandika mwenyewe, kwa wino wa rangi mbili. Uliendelea kuanika.

Mwezi huu hapa kiwandani tumefundishwa mashine mpya ya kubangua korosho. Niliandika kila kitu, nikasoma mara nne. Msimamizi akalifunika daftari langu: "Haya, mweleze Hamisi." Nikababaika. Hamisi, ninayefanya naye zamu, akapiga kelele, "Muha huyu elimu yake yote iko mfukoni!" Tangu hapo namweleza kila asubuhi, naye ananiuliza maswali ya kijinga kadiri awezavyo. Siku ya nne sikuhitaji karatasi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilienda kujificha chooni nikalia, nikiyakumbuka maswali yako.

Zawadi, hapa soma polepole: kichwa chako hakina tatizo. Mimi ndiye niliyekosea.

Mama, nisamehe. Usajili wa kurudia haujafungwa. Mwite akueleze tena, kwa Kiha kwanza, halafu Kiingereza hata kama huelewi. Mkatize vilevile. Akikataa, usimlazimishe; nilimlazimisha mimi, na tumeona.

Msalimie bibi, na mjomba mwenye boti ya kwenda Mwamgongo. Wanawake unaoanika nao siwatumii salamu kwa karatasi. Nitakuja mwenyewe nikuombe radhi mbele yao, kwa sauti ileile niliyokuaibisha nayo.

Mwanao,
Elia