Kiu ya Mto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umefika nyumbani salama na miguu haijavimba kama wiki iliyopita. Mimi ni mzima, ila kuna sauti moja haijaniacha tangu nikiwa na miaka tisa: mdogo wangu anafyonza pindo la shati lililoloa kwenye kamba ya nguo, mchana kweupe, kwa pupa, kama ndama. Unaikumbuka? Ulitoka nje ukamchapa kwa shati lilelile.

Ulikuwa matroni wa bweni, na mji mzima ulikusifu kwa kukausha magodoro ya watoto wa watu. Dawa yako ilikuwa moja: kikojozi hanywi maji kuanzia saa nane mchana. Nyumbani ulichomoa kishikio cha bomba ukakitia mfukoni, mwanao wa pekee wa kiume, naye kikojozi, akabaki anazunguka uani. Mjomba alimbandika jina la Mto, akasema tumkodishe kwa wenye bustani. Tulicheka sote. Yeye pia alicheka, midomo ikapasuka ikatoka damu. Alipokufa, na miaka yake sita, ulisema ni homa.

Miaka yote umeniuliza nasomea nini hasa. Haya, ni hiki. Juu ya seli za figo kuna protini inayoitwa kipokezi. Mwili ukipungukiwa maji, ubongo hutuma ujumbe, kipokezi huupokea, na figo huyazuia maji yasitoke. Maelekezo ya kukitengeneza kipokezi hicho yamo katika jeni moja. Jeni hiyo ikiharibika, ujumbe unafika na hakuna wa kuupokea. Maji yanapita tu, hata kama mtoto hajanywa tone. Mtoto wa namna hiyo ukimnyima maji, godoro litaendelea kuloa. Atakayekauka ni yeye.

Mwezi uliopita Dada aliniletea maabara mwanawe wa kiume, huyo unayemlea yeye akiwa kazini. Mwaka mmoja na nusu, hanenepi, homa hazina kichwa wala miguu, nepi utadhani zimetoka kwenye beseni. Nilipima damu yake, ya Dada na yangu. Jeni ya mtoto ni mbovu. Mimi na Dada tuna nakala mbili, moja mbovu na moja nzima, na hiyo nzima ndiyo iliyotuweka hai tukapata nafasi ya kumcheka mwenzetu. Mvulana ana nakala moja tu, nayo huipata kwa mama yake. Mto aliipata kwako. Jeni hukuichagua, Mama. Kishikio cha bomba ulikichomoa kwa mkono wako.

Jumapili Dada alikusomea majibu. Ukamjibu kwamba mashine haijawahi kulea mtoto, kwamba mimi najitia ujuzi na hata kuzaa sijazaa, na kwamba huyu naye kiu ataizoea. Jumatano alirudi akaikuta chupa ya maji juu ya kabati, imejaa, na mtoto yuko chini analamba sakafu uliyotoka kuipiga deki.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile ya mwisho Mto alikuwa ameficha maji kwenye kopo la rangi, nyuma ya choo. Ulikuwa umeahidi kwamba atakayemfichua atakaa karibu nawe mezani. Sikuja kukuita. Nililimwaga mwenyewe, taratibu, mbele ya macho yake, nikamwambia, “Haya, Mto, jaa sasa.” Alipiga magoti, akachota tope kwa vidole akalitia mdomoni. Nikaja kukusimulia. Ulinikatia kipande kikubwa cha mkate, ukaniita mwanao mwenye akili, nikakila chote. Kesho yake hakuamka.

Msalimie Mjomba, na majirani wanaokusifu. Dada hakusalimii. Leo asubuhi, ulipotoka tu kwenda sokoni, tulimchukua mtoto na nguo zake zote, na barua hii nimerudi kuiweka kitandani kwake kabla hujarejea. Yuko wodini, anakunywa. Daktari nimemweleza yote, ya huyu na ya Mto, nikataja jina lako na kopo nililolimwaga mimi. Aliandika, nami nikatia sahihi. Kesho saa tatu polisi watakuja kukuhoji. Nimewaambia utakuwepo.

Ni mimi,
Mwanao mwenye akili