Kiapo na Kifungo cha Shati

Jumatatu, 3 Machi
Taifa zima litangaziwe, na taifa zima ni mimi na daftari hili: leo saa nne asubuhi kigoda changu kimepata mguu mpya. Fundi wa jukwaa kaupigilia misumari mitatu. Hakuna hotuba iliyotolewa. Nimekikalia, hakijalia. Miaka ishirini na miwili nimekaa juu yake nyuma ya pazia la kushoto, mswada wa mchezo magotini, nikimnong'oneza shemeji maneno anaposahau. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimefundishwa na miswada.

Habari nyingine, ndogo zaidi: shemeji ameshinda urais.

Ndiyo, huyu huyu, mume wa dada. Yule aliyeigiza bawabu wa wizara miaka yote ile — anawaambia watu faili limepotea, kumbe amelikalia. Watu walicheka mpaka wakachoka. Mwisho wakamwambia, basi wewe ndiye unayejua mafaili yalipo, ingia. Kaingia. Barabarani honi tangu alfajiri. Dada analia huku anacheka, na chakula kimeungua.

Jumatano, 5 Machi
Bunge linavuja! Mvua ya jana imeshuka moja kwa moja kwenye kiti cha Spika. Kwa hiyo shemeji ataapishwa kwetu, ukumbi wa michezo, keshokutwa. Mama wa tiketi anauliza kama wabunge watakata tiketi au wataingia bure kama walivyozoea.

Mkuu wa itifaki kaja kukagua. Suti imenyooka kama bahasha. Kanikuta kigodani, akataka kujua mimi ni nani kiserikali. Nikasema mimi ni mtu wa nyuma ya pazia. Akasema serikali hii haitakuwa na mtu nyuma ya pazia, iliahidiwa kwenye kampeni. Ni kweli, iliahidiwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemnong'oneza.

Nimerudi kwa miguu. Kiapo ni sentensi moja, maneno thelathini na moja. Shemeji hajawahi kuvuka thelathini bila mimi. Na mimi bila yeye sina kazi nyingine ninayoijua. Hilo sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kapiga simu mwenyewe. "Shem, kesho ukae palepale. Itifaki niachie mimi." Nikauliza, na alama? Akasema ile ile.

Alama yetu haijui mtu, hata dada. Akisahau, anagusa kifungo cha shati, kile cha mkono wa kushoto. Akigusa, nampa neno. Asipogusa, hata anyamaze dakika nzima, hizo ni mbwembwe zake; namwacha.

Dada kamnunulia shati jipya jeupe. Nimelala vizuri mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu. Niandike polepole.

Watu hadi kwenye ngazi. Mkuu wa itifaki aliniona kigodani, akageuza uso kama aliyeona chupi za jirani kwenye kamba. Shemeji akaanza kwa ile sauti ya kifuani. Naapa kwamba nitaitumikia nchi hii — kimya. Jaji mkuu akasubiri. Kimya kikaota mizizi. Nikamtazama mkono. Akagusa kifungo! Akagusa tena, kwa nguvu, kama anayejikuna.

Nikanong'ona: "Kwa uaminifu."

Jambo ambalo sikuambiwa: watu wa redio walikuwa wamefunga maikrofoni kwenye pazia langu. Sauti yangu ikatoka ukumbini, uwanjani, na kwenye kila redio iliyowashwa nchini. Shemeji akageukia pazia, akasema, "Ahsante, shemeji," kisha akaendelea na neno linalofuata. Jukwaani ndivyo tunavyofanya: neno likishasikika ukumbini, halirudiwi.

Watu walivunjika mbavu. Jaji mkuu karatasi ilimponyoka. Huko uwanjani wakaanza kuimba "Shemeji! Shemeji!" Mimi sijawahi kupigiwa makofi maishani. Nilisimama nyuma ya pazia, nikainama mara tatu. Hakuna aliyeniona. Sijali.

Jumamosi, 8 Machi
Wapinzani wana mwanasheria, na mwanasheria ana masikio. Anasema rais hakutamka "kwa uaminifu". Aliyetamka ni mtu ambaye hakupigiwa kura. Jaji mkuu kakubali. Kiapo kirudiwe Jumatatu, saa nne. Mama wa tiketi anasema mpaka sasa nchi ina mtu mmoja tu aliyeapa uaminifu, na hana hata baiskeli.

Mchana mkuu wa itifaki alibisha hodi kwangu. Nilijua ndiyo mwisho wangu. Kumbe kaja na karanga. Akanibembeleza nimwambie rais akisahau anafanyaje, maana atakuwa anakutana na marais wenzake, na mimi sitakuwepo. Karanga nilikula. Alama sikutoa.

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa dada. Walinzi mlangoni wananiita Mheshimiwa Uaminifu. Nyumba nzima kicheko. Ila moyo wangu ulikuwa umekaa upande. Nikamvuta shemeji jikoni, nikamwomba anieleze ukweli: kesho nikae au nisikae?

Akasema nikae. Nisipokuwa pale, hata kukohoa hawezi.

Nikamwambia basi tubadilishe alama, maana juzi alikigusa kifungo mara mbili, waziwazi mbele ya watu, nikajua amepotea kabisa.

"Sikupotea, shem," akasema. "Nilinyamaza makusudi. Nilitaka wausikie ule ukimya."

Nikamuuliza, na kifungo?

"Kifungo gani?"

Dada alikuwa karoni, anataka kulifua lile shati kwa ajili ya kesho. Akaupindua mkono wa kushoto, nje ndani. Chini ya kifungo pini ya dukani, ile ya kushikia shati jipya lililokunjwa, ilikuwa bado imo, ncha imeelekea ndani.