Rafiki Yangu Anasifia Albamu Asizozisikia

Mpendwa mshauri, shikamoo. Ukurasa wako tunausoma dukani kwetu kila unapotoka na sikuwahi kufikiri kwamba nami ningekuja kulia humo, lakini nimebanwa, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama mwanzoni utaona nazungumzia mambo ya kitoto.

Mimi ni Modesti, nauza vipuri vya pikipiki hapa Sumbawanga mjini, na rafiki yangu ni Polikarp, anaendesha mashine ya kusaga nafaka kule Kasense, na kilichotuunganisha tangu sekondari ni muziki wa roki, ule mzito kabisa, wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga kelele kama anachinjwa, ambao ukiupiga huku kwetu majirani wanauliza kama umeingiliwa na pepo, kwa hiyo tumezoea kuupenda wawili tu. Jumapili baada ya misa tunakaa nyuma ya nyumba yake, juani kwa sababu ya baridi, tunasikiliza albamu na kubishana. Polikarp ana misimamo yake, anasema albamu hairukwi nyimbo, inasikilizwa yote; anasema mpiga ngoma ndiye bendi, wengine ni wageni wake; na bendi ikishaingiza kinanda, basi imezeeka. Mimi napenda ile roki ya polepole, ya huzuni, yeye anasema hiyo ni ya watu wenye homa. Kuna bendi moja ya Wasweden tunaipigania mpaka leo, mimi nasema albamu yao ya tatu ndiyo bora, yeye anasema ni ile ya kwanza waliyoirekodi vibaya, kwa sababu "pale walikuwa bado wana njaa." Mkewe Marsiana hutucheka, anasema tungeoana sisi.

Sasa mwaka huu bendi hiyo ikatoa albamu mpya, imejaa kinanda mwanzo mwisho, nikajua Polikarp ataichanachana, badala yake akaisifu, eti kinanda kimeupa muziki upana wa kanisa kuu. Nilishangaa sana. Baadaye nikiwa naperuzi mtandaoni nikayakuta maneno yaleyale, kameandika kazungu kamoja huko, Polikarp kayageuza Kiswahili tu. Nikakasirika, nikasema huyu siku hizi anaona aibu kuwa na maoni yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nikamvalisha hedifoni zangu, nikaweka albamu nyingine, simu nikaishika mimi. Akafumba macho, anatikisa kichwa, mguu unagonga chini, anasema kwa sauti kubwa, "Sikia hizo ngoma, Modesti! Sikia jamaa anavyozichapa!" Nikaangalia simu nione ni wimbo wa ngapi. Mshauri, simu ilikuwa imezima. Chaji ilikwisha, kioo cheusi, na yeye bado anatikisa kichwa. Nilimwangalia rafiki yangu akisikiliza kitu ambacho hakipo, ndipo nikaunganisha mambo: anavyonitazama mdomoni nikiongea, anavyocheka baada ya wengine kucheka, na Marsiana anavyolalamika kwamba mume wake amekuwa na dharau, anaitwa haitiki.

Nikanyamaza nikijiambia ni aibu yake, aitunze. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kumpelekea beringi mashineni, nikakuta foleni ya akina mama, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainama kukinga unga, ncha ya mbeleko ikanaswa na mkanda wa mashine. Alipiga ukelele tukausikia sisi tuliokuwa nje. Polikarp alikuwa hatua mbili kutoka kwake, amempa mgongo, anamimina mahindi. Hakugeuka. Nilikimbia nikazima swichi, mbeleko imeshakatika vipande, mama ameanguka, mtoto analia, namshukuru Mungu walitoka na michubuko tu. Polikarp aligeuka pale alipoona mahindi hayashuki.

Mwenye mashine, Bi Kulsumu, akafika kutoka mjini. Ni mama mkali lakini wa haki. Akaniita pembeni, Polikarp amesimama anatutazama midomo, akaniuliza, "Modesti, wewe ndiye unayemjua. Huyu anasikia?"

Nikasema, "Anasikia, mama. Ni kelele za mashine tu."

Wakati wa kurudi Polikarp akanisindikiza, njiani akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia. Akasema tatizo lilianza kama miaka miwili iliyopita, sikio la kulia limekwenda, la kushoto linavuma kama upepo, na hospitali haendi kwa sababu wakishaandika kwamba hasikii Bi Kulsumu atamtoa, ana watoto. Nikamwambia kazi nyingine itapatikana. Akasimama akanishika mkono, akasema, "Na sisi? Nikishasema sisikii, mimi na wewe tutaongea nini?"

Halafu akaniomba niape kwamba sitamwambia mtu, hata Marsiana. Sijaapa bado. Nimemwambia nitafikiri, na tangu siku hiyo hajajibu ujumbe wangu hata mmoja. Nikisema, nimempokonya rafiki yangu mkate, na nikinyamaza naona ile mbeleko. Nifanye nini?

Modesti, Sumbawanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Modesti. Si mambo ya kitoto hata kidogo. Ninaletewa barua na wanaume wazima ambao hawana mtu hata mmoja wa kubishana naye juu ya kitu wanachokipenda. Wewe unaye, na umeona kwa macho yako anavyokwenda mbali nawe huku amekaa pembeni yako. Pole sana.

Baada ya pole, nikuseme. Bi Kulsumu alikuuliza swali moja la maana na ukamdanganya. Unadhani ulimkinga Polikarp? Ulimrudisha kwenye mkanda uleule, mikono yake mwenyewe ikiwa hapohapo. Na hukuwa na haki ya kuwaamulia wale akina mama kwenye foleni kwamba waendelee kuinama mbele ya mashine ambayo mwendeshaji wake hawasikii.

Usiape. Kiapo anachokuomba hakimsaidii hata yeye.

Ujumbe wa simu uache. Nenda nyumbani kwake, mchana, kaa mbele yake kwenye mwanga, ongea taratibu bila kupiga kelele, maana kumpigia kelele ni kumtangaza kwa jirani. Mwambie ulimdanganya Bi Kulsumu na unakwenda kusahihisha, na unamtaka mfuatane, aseme mwenyewe. Mtu akijieleza kwa mdomo wake hubaki na heshima. Akikataa, nenda kwa Bi Kulsumu peke yako siku hiyohiyo. Mwombee kazi nyingine palepale, kupokea magunia, kupima, kufunga, mbali na mkanda. Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Lakini umesema ni mama wa haki, basi mpe ukweli ili aweze kutenda hiyo haki.

Marsiana aambiwe na mumewe. Anaishi akidhani anadharauliwa, naye anaumia bure.

Kisha mpeleke hospitali masikio yapimwe. Pengine ni uchafu au usaha, vinatibika. Pengine ni kelele za mashine, na kilichopotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Asimwagiwe mafuta wala majani masikioni. Na hizo hedifoni zako usimwekee tena mpaka daktari aseme.

Ameuliza mtaongea nini. Swali hilo lilimtoka kwa uchungu, usilipite juu juu. Mwambie kwamba maneno ya yule mzungu yalikuudhi kwa sababu ulikuwa unataka maoni yake yeye. Mwambie "hii sikuisikia vizuri" nayo ni maoni, na utayapokea. Kama itabidi umwandikie kwenye karatasi gitaa linaingia wapi na ngoma zinakatika wapi, mwandikie, abishe hapo.

Atakukasirikia, tena huenda kwa muda mrefu. Vumilia. Rafiki aliyekukasirikia akiwa na mikono yake yote miwili, siku moja utaweza kumwomba radhi. Nenda kabla mashine haijawashwa tena.

Silvana